Bifu la Steen na Generico halikupangwa na bosi yeyote

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu ya michezo aliyeandika kwamba mieleka ya Marekani na Kanada ni maigizo matupu, washindi hupangwa kabla, na kwa hiyo haistahili hata robo ukurasa. Mimi ni kinyozi hapa Makorora, Tanga. Saluni yangu ina televisheni ukutani, na vijana huja kutazama mieleka hata siku wasizonyoa. Maneno yale yametuuma wengi.

Kwamba mshindi hupangwa, hilo hatubishani. Hata mtoto anayesubiri zamu yake kwenye benchi analijua. Mwandishi wako aliishia hapo, hakujiuliza anayepanga ni nani. Ndiyo maana nataka nimsimulie habari ya Kevin Steen na El Generico, ambao leo dunia inawafahamu kwa majina ya Kevin Owens na Sami Zayn. Bifu lao limevuka miaka 20, limepita kwa mapromota wa kila aina, na hakuna bosi anayeweza kusimama akasema ni mali yake.

Wote wawili ni wa Quebec, Kanada, na wote wamezaliwa mwaka 1984. Steen alikulia katika Kifaransa, Kiingereza akajifunza kwa kutazama mieleka kwenye televisheni. Generico alipigana amevaa kinyago, akitangazwa kuwa Mmeksiko wa Tijuana, kumbe chini ya kinyago ni kijana wa Kanada ambaye wazazi wake walitoka Syria. Walijuana Montreal mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye kumbi ndogo, wakati hakuna kampuni kubwa iliyokuwa na habari nao.

Mwandishi wako ayafahamu maisha hayo kabla hajaandika tena. Mwanamieleka wa kujitegemea hana mshahara. Analipwa kwa usiku mmoja, safari ni ya gari usiku kucha na wenzake wamebanana nyuma, fulana zake anaziuza mwenyewe mezani. Goti likiharibika, hasara ni yake. Mtu wa namna hiyo kitu pekee anachomiliki ni jina lake na mtu wa kupigana naye. Steen na Generico walilielewa hilo mapema, wakalitunza bifu lao.

Kwanza walikuwa timu moja. Septemba 2008 walitwaa mikanda ya timu za wawili ya Ring of Honor, kampuni ya mieleka ya Marekani, na mashabiki waliwapenda kama ndugu: mmoja mnene, mkali wa maneno, mwingine mwembamba, mpole, ukumbi mzima unamwimbia. Kisha ikaja Desemba 19, 2009, New York. Walikuwa wamepoteza pambano mbele ya ndugu wawili wanaoitwa The Young Bucks, na Steen akachukua kiti cha chuma akampiga nacho rafiki yake.

Mwaka mzima wa 2010 ukawa wa kisasi. Desemba ile wakarudi New York kwa sharti zito: Generico akishindwa anavua kinyago, Steen akishindwa anaondoka Ring of Honor. Generico akashinda, Steen akaondoka kweli, miezi ikapita watazamaji hawamwoni pale. Nimelitazama pambano hilo mara nyingi na bado sijui nimuonee huruma nani. Steen alikuwa mbaya, lakini alikuwa mbaya kwa sababu mwenzake alipendwa zaidi yake, na wivu wa aina hiyo kila mtu ameuona nyumbani kwao.

Mwaka 2011 huko California, kwa promota mwingine kabisa, Pro Wrestling Guerrilla, walipigana pambano la ngazi, yaani mkanda unaning'inizwa juu ya ulingo na mshindi ni atakayepanda akautoa. Desemba 2012 wakapanda ngazi tena, safari hii Ring of Honor, Steen akiwa bingwa wa dunia wa kampuni hiyo, na akautetea mkanda. Mapromota wawili, pwani mbili za Marekani, ugomvi uleule. Sasa mwandishi wako aniambie, chumba gani kilipanga hayo?

Sisi tumezoea utani wa jadi wa Simba na Yanga. Mchezaji anakuja, anacheza dabi mbili tatu, anauzwa, na utani unabaki kwa klabu. Kwa hawa mambo ni kinyume. Kampuni ndizo zilizokuwa zikibadilika, na ugomvi ukabaki kwao wenyewe.

Januari 2013, Generico akiwa anakaribia kwenda WWE, kampuni kubwa kuliko zote za mieleka, walipanda ulingoni huko Reseda, California, kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu ambao huwezi kuingiza humo hata watu elfu moja. Usiku ule hawakupigana wao kwa wao. Walirudi kuwa timu moja, wakafika fainali, na waliowatoa ni wale wale The Young Bucks. Kwangu mimi huo ndio usiku mzuri kuliko yote katika habari yao, ingawa walishindwa.

Kuna kipande kimoja ambacho vijana hapa saluni hunilazimisha kukirudia. Desemba 11, 2014, Florida. Generico, ambaye sasa ni Sami Zayn bila kinyago, ametwaa ubingwa wa NXT, tawi la WWE la kukuza vipaji, baada ya kuukosa kwa muda mrefu. Wenzake wanapanda kumpongeza. Steen, sasa Kevin Owens, naye anapanda, anamkumbatia. Tazama pua ya Owens hapo. Mapema usiku uleule, kwenye pambano lake la kwanza kabisa pale, mpinzani alimpiga kwa kiganja pua ikavunjika. Kijana mmoja aliniuliza kama ile ni rangi. Si rangi, ni damu yake, na alimalizia pambano katika hali hiyo. Wakiwa wanaondoka, Owens anamgeukia mwenzake, anambeba juu na kumbwaga mgongo kwenye ukingo wa ulingo. Katikati ya ulingo mbao zinanesa kidogo, pale ukingoni hazinesi. Wanaoijua kazi hii watakwambia hakuna mahali pabaya pa kuangukia kama pale. Zayn alikubali kuangushiwa pale usiku wa ushindi wake mkubwa kuliko wote kwa sababu mwenzake ndiye aliyekuwa anaingia mlangoni na bifu lilihitaji kuanza upya mbele ya watu ambao hawakuwahi kuziona kumbi zile ndogo. Miezi miwili baadaye Zayn akaupoteza mkanda kwa Owens, mwamuzi akisimamisha pambano.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, sitayarefusha. Walipigana Washington 2016, wakapigana WrestleMania, tamasha kubwa la WWE la kila mwaka, ya 2021 huko Tampa. Januari 2023 Zayn aliamriwa ampige Owens kwa kiti, akakigeuza kwa Roman Reigns, kiongozi wa kundi lake ulingoni. Aprili mwaka huo, uwanjani Inglewood, wawili hawa wakafunga usiku wa kwanza wa WrestleMania kwa kutwaa mikanda ya timu za wawili. Walioshangilia kwa machozi usiku ule walikuwa wanajua habari za kiti cha mwaka 2009. Aliyeanza kutazama mwaka ule aliona ushindi wa kawaida tu, na hilo ndilo gazeti lingeweza kumsaidia msomaji wake.

Machi 1, 2025, Toronto, wakakutana tena kwenye pambano lisilo na sheria, na Owens akashinda. Mwezi mmoja baadaye Owens akatangaza kwamba shingo yake imeumia kwa miezi kadhaa na inahitaji upasuaji, akajitoa WrestleMania. Maana yake pale Toronto, huku akibebana na kubwagana na rafiki yake wa ujanani, shingo ilikuwa tayari mbovu. Mtu anaweza kumpangia mshindi. Shingo hakuna anayeipanga. Ukurasa wenu wa michezo siku zile haukuwa na mstari hata mmoja kuhusu jambo hilo, ila wiki chache baadaye ukapata nafasi ya kutuambia kwamba tunatazama upuuzi.

Sidai mieleka iwekwe mbele ya ligi yetu. Ninachoomba ni kwamba mwandishi wako atafute pambano la New York la Desemba 2010 na lile la ngazi la 2012, ayatazame yote mawili mwanzo hadi mwisho, kisha aandike upya anavyoona. Akiendelea kusema ni upuuzi, nitamsoma na nitamjibu. Na habari za hali ya Owens zikipatikana, mtuandikie, hata kama ni aya moja chini ya matokeo ya mechi. Wanaozisubiri huku ni wengi.

Kinyozi,
Makorora, Tanga