Amplifaya inanguruma, mkaniambia nikate waya wa ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini)

Soweto, Mbeya

Kwa meneja wa duka,

Habari za kazi. Mimi ni yule mteja wa Mbeya niliyenunua kwenu amplifaya ya vali, zile taa za kioo zinazokuza sauti, mwezi wa tatu, nililipa 1,850,000 mkanitumia mzigo kwa basi, risiti nimeambatanisha. Wiki za mwanzo ilipiga vizuri mno, santuri za dansi za marehemu baba nilikuwa nazisikia kama bendi imekaa sebuleni, halafu ukaanza mngurumo, mwanzoni kwa mbali, sasa hivi usiku mtaa ukitulia unausikia mpaka jikoni.

Nimewapigia mara nne. Kijana wenu akasema umeme wa huku mchafu ninunue stebilaiza, nikanunua, hali ileile. Mara ya mwisho akaniambia nifungue kifuniko cha chini nikate waya wa ethi mngurumo utaisha. Jamani! Boksi la kile chombo ni chuma tupu na nina watoto wawili wanaokishikashika, siku umeme ukivuja kwenye boksi ethi ndiyo inafanya fyuzi ikatike, bila ethi umeme unapita kwa mtoto. Hili limeniuma kuliko hela.

Na ethi wala siyo tatizo, nimepima. Sauti nimeshusha mpaka sifuri, mngurumo uleule. Nikachomoa waya wa santuri, uleule. Nikazima nikatoa zile vali ndogo za mbele zinazopokea sauti kwanza, aina ya ECC83, nikawasha, bado upo, kwa hiyo hauingilii mbele. Halafu nikaweka simu karibu na spika na programu ya kupima sauti, ikasoma hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, mngurumo unaookotwa kwenye ethi au nyaya kwa kawaida unakuja na 50, ukiona 100 huo ni umeme ulioshapita kwenye daiodi, zinazougeuza uende upande mmoja na mapigo yakawa mara mbili, na kapasita ya kuulainisha imechoka.

Nikampelekea fundi mmoja wa Mwanjelwa anayetengeneza amplifaya za makanisani. Akamaliza kwa rizista kwanza chaji iliyobaki ndani, akachungulia, kapasita kubwa imevimba kichwa kama andazi, na ubavuni imeandikwa volti 400. Tulipopima inapokea 425! Transfoma yenu imeandikwa 220 na soketi ya nyumbani inatoa 238, ambayo siyo ajabu maana umeme wa Tanzania ni 230 na unapanda unashuka, na ukiwasha tu kabla vali hazijapata moto hazijaanza kula umeme, mita inagusa 460. Sasa kapasita ya 400 ingeponea wapi? Fundi akaunga nyingine ya volti 500 kwa majaribio, kimya, nikasikia mpaka sindano ikitua kwenye santuri.

Msije mkasema nimevunja waranti kwa kufungua, nyie ndio mlionituma nifungue, na ujumbe wa kijana wenu ninao kwenye simu.

Naomba mniwekee kapasita za volti 500 na transfoma ya 240, nauli ya basi kwenda na kurudi juu yenu, au mnirudishie hela yangu yote. Na wateja wengine wote mliowaambia wakate ethi wapigieni leo muwaambie wairudishe.

Mteja wenu, Mbeya