Barua pepe kufunguliwa si dalili ya kupata mnunuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wafanyabiashara wenzangu wa Mwanza, hasa wauzaji wa dagaa, minofu ya sangara na safari za kitalii, ambao siku hizi wanatafuta wateja wa mbali kwa kuwaandikia barua pepe bila kufahamiana nao kabla. Njia hiyo ni nafuu, ila wengi wanaipima kwa kipimo kibovu.

Kipimo chenyewe ni idadi ya barua zilizofunguliwa. Programu za kutuma barua pepe huweka ndani ya barua kipicha kisichoonekana kwa macho, na kipicha hicho kikipakuliwa, barua huhesabiwa kuwa imefunguliwa. Lakini tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple hupakua picha hizo yenyewe kwa watumiaji waliowasha ulinzi wa faragha, hata kama mpokeaji hajaigusa barua. Na katika kampuni nyingi mitambo ya usalama hubofya viungo (linki) vilivyomo ndani ya barua ili kuvikagua kabla barua haijamfikia mhusika. Kwa hiyo anayeambiwa na wakala kwamba nusu ya barua zake zimesomwa huenda anashangilia kazi ya mashine. (Wapo wanaolipia takwimu hizo kila mwezi, na hawajauza hata gunia moja.)

Kinachofaa kuhesabiwa ni majibu, na si majibu yote: anayeomba aondolewe kwenye orodha amejibu, lakini si sawa na anayeuliza bei, ujazo wa gunia au sampuli. Tena hesabu ifanywe kwa barua zilizofika. Tuseme umetuma 200, zikarudi 40 kwa sababu anwani hazipo, na wanne wakauliza bei. Hao ni asilimia 2.5 ya waliofikiwa, wakati zile 40 zinakuambia jambo jingine kabisa, kwamba orodha uliyouziwa ni mbovu. Hapo kubadilisha maneno ya barua hakusaidii kitu.

Ukitaka kujua barua ipi ni bora kati ya mbili, badilisha kitu kimoja tu, kwa mfano kichwa cha barua, kisha ugawe orodha kwa bahati nasibu na kutuma zote siku moja. Anayetuma ya kwanza wakati wa giza, dagaa wakiwa tele Kirumba, na ya pili wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa taa wakiwa wamepumzika na bei ikiwa imepanda, hajalinganisha barua, amelinganisha misimu. Wala majibu mawili dhidi ya manne katika barua hamsini hamsini hayathibitishi lolote.

Zaidi ya maneno, kuna suala la kufika. Tangu Februari 2024 Google inawataka watumaji wote wanaoandikia akaunti za Gmail wathibitishe kikoa chao (jina linalofuata alama ya @ katika anwani) kwa SPF au DKIM, njia mbili za kuonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku watumie zote mbili pamoja na DMARC, yaani maelekezo ya nini kifanyike kwa barua zisizothibitishwa. Malalamiko ya barua taka nayo hayatakiwi kufikia asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu. Mwenye kutuma 200 anauvuka mpaka huo kwa mlalamikaji mmoja tu, ndiyo maana naona ni afadhali kuwaandikia wanunuzi thelathini uliowachunguza, ukitaja bidhaa wanayoiagiza, kuliko kumwaga barua elfu zinazofanana. Kila barua ieleze wewe ni nani na namna ya kukataa kuandikiwa tena, na aliyekataa asiandikiwe.

Ombi langu kwa SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) na TCCIA (chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima) mkoani kwetu ni kwamba mafunzo ya masoko ya mtandaoni yawe na kipindi cha hesabu hizi, washiriki wakija na orodha zao wenyewe na kuzisafisha papo hapo kabla ya kufundishwa namna ya kuandika.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Kirumba, Mwanza