Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Idara ya Afya ya kabila: tusiinunue ithibati kwa karatasi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kwako na kwa wazee wa Baraza. Mimi ni muuguzi wako, mzaliwa wa Tanga, mwaka wa sita sasa hapa Oklahoma, Marekani, nikihudumia kabila la Wenyeji asilia. Naandika kwa Kiswahili ili wenzangu wengi walioajiriwa kwenye idara za afya za Marekani nao wasome. Nakala ya Kiingereza iko mezani kwako.

Baraza limeridhia tuombe ithibati, yaani uthibitisho kwamba idara inatimiza viwango, kutoka PHAB, bodi ya Marekani ya ithibati ya afya ya umma. Nimefurahi kwelikweli. Kabila la Cherokee Nation waliipata mwaka 2016, wa kwanza kati ya makabila yote, basi njia ipo. Lakini kikaoni nilisikia kwamba mshauri kutoka mjini ndiye atakayetuandikia tathmini ya afya ya jamii, mpango wa kuboresha afya na mpango mkakati, vyote kwa miezi mitatu. Nakuomba usikubali. Bodi haipokei rasimu. Inataka nyaraka zilizopitishwa, zenye tarehe, zinazotumika. Mpango wa mtu asiyewahi kuketi na bibi mwenye kisukari kule mwisho wa barabara ya vumbi, nani atautumia?

Linaloniuma zaidi ni takwimu. Wenyeji asilia wengi wa Marekani huandikwa wazungu kwenye cheti cha kifo, mara nyingi kwa sababu anayejaza ametazama sura asiulize familia. Mzee niliyemhudumia nyumbani kwake miaka miwili aliandikwa hivyo. Binti yake aliniletea kile cheti akilia upya, kana kwamba baba amefariki mara ya pili. Tukizichukua takwimu za jimbo jinsi zilivyo, watu wetu watahesabiwa pungufu, na bajeti itafuata hesabu hiyo.

Viko vituo 12 vya epidemiolojia vya makabila, yaani vya kufuatilia magonjwa na takwimu zake, na tangu 2010 sheria inavitambua kuwa mamlaka za afya ya umma. Tukiandikie cha kwetu mwezi huu, kitusaidie kulinganisha vyeti vya vifo na orodha ya wanakabila. Tathmini ianzie hapo, na kwenye vikao vya wazee.

Halafu mratibu wa ithibati. Kazi hiyo ametwishwa mwenzetu ambaye bado anachanja watoto kila wiki. Mpe mwaka mzima wa kazi hiyo peke yake. Zamu zake za chanjo, Jumanne na Alhamisi, nitazishika mimi.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa afya ya jamii