Chapati za choroko na oti: barua kwa shoga yangu

Tarnaka, Hyderabad
Julai

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua zimeanza, na lile joto la Mei lililokuwa likitunyima usingizi limeondoka.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umeniuliza habari za zile chapati za kijani ulizoziona kwenye picha, lakini kilichonikaa moyoni ni kile ulichokitaja kwa kupita tu: kwamba tangu uambiwe sukari imepanda, unajipikia kisufuria chako pembeni, unakula mwisho, wenzako wameshamaliza wali wao wa nazi. Shoga, hilo limeniuma. Kupika nitakueleza mpaka mwisho, tena kwa furaha, ila nakuwekea sharti moja: upike za nyumba nzima, mkae mle pamoja.

Maana huku hiki si chakula cha mgonjwa hata kidogo. Kinaitwa pesarattu, na ndiyo asubuhi ya Watelugu, wenyeji wa Telangana na Andhra Pradesh. Ukitoka nje saa moja unawakuta makarani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Osmania na madereva wa bajaji wamesimama vibandani, kila mtu na sahani yake, wanakula kabla ya kwenda kazini. Vibanda vingine huijaza upma ndani, yaani suji iliyopikwa kwa vitunguu na mbegu za haradali. Hiyo ya upma wewe iache. Suji ni ngano iliyosagwa, na nyumbani ngano tunaila ya kutosha.

Mimi nimefundishwa na mama mwenye nyumba wetu, mtu mzima wa rika la mama zetu, naye ana sukari miaka mingi. Zamani alikuwa akitia konzi ya mchele kwenye choroko ili ukingo wa chapati ukauke vizuri, ndivyo wanavyofanya wengi hadi leo. Siku hizi mahali pa mchele anatia oti. Oti si nafaka ya bibi zao, zimekuja kwa pakiti za dukani, lakini zimezoeleka haraka, na dosa za oti, yaani chapati nyembamba za rojo, sasa ni jambo la kawaida kwenye nyumba nyingi.

Chukua kikombe kimoja cha choroko nzima, zenye ganda lake la kijani. Ni kama gramu 200. Zichague, zioshe, ziloweke usiku ukienda kulala. Asubuhi mwaga yale maji, suuza tena. Kuloweka usikufanyie haraka: kunalainisha, kunapunguza gesi tumboni, na kunapunguza zile asidi za kwenye choroko zinazozuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kisha chukua nusu kikombe cha oti, ziloweke kwa maji kidogo robo saa tu, wakati unamenya tangawizi. Usizilaze na choroko usiku kucha, zitatoa utelezi na chapati itang'ang'ania chuma cha kupikia. Nunua zile oti bapa zisizotiwa kitu chochote. Vile vipakiti vyenye ladha ya matunda vina sukari, usivisogelee.

Tia vyote kwenye blenda na kipande cha tangawizi, pilipili mbichi mbili, kijiko cha chai cha binzari nyembamba, chumvi kidogo, na majani ya giligilani ukiyapenda. Maji yaongeze kidogo kidogo. Unataka rojo zito kuliko la chapati za maji tulizozoea, linalomiminika lenyewe kutoka kwenye upawa lakini halikimbii. Rangi yake ni kijani cha kupendeza mno. Huna haja ya kuliumua. Dosa ya mchele na urad, aina ya kunde za huku, hukaa usiku kucha ichachuke kwanza, hii unasaga na kupika papo hapo, na ndiyo sababu naipendekeza kwa mtu mwenye watoto wa shule. Likibaki, liweke kwenye friji ulimalize kesho yake.

Mama wa hapa hutia na mvuje, chembe ndogo tu, anasema dengu na choroko bila mvuje zinasumbua tumbo. Ni mvuje ule ule ambao bibi zetu walikuwa wakiufunga kwenye kitambaa na kumvalisha mtoto mchanga! Nilipousikia harufu jikoni kwake nilijiona niko kwetu. Ukiupata safi kwenye duka la viungo, tia. Ukiukosa, tangawizi inatosha.

Sasa kwenye chuma, na hapa ndipo penyewe. Yeye hukata kitunguu maji katikati, anakichoma uma kwa nyuma, anakichovya kwenye mafuta na kukisugua juu ya chuma chote, kwa hiyo mafuta yanabaki utando tu. Kisha ananyunyiza matone ya maji kwa vidole. Yakichemka na kupotea mara moja, chuma kiko tayari. Kikizidi moto, rojo litajikunja na kufuata upawa badala ya kukaa chini, basi nyunyiza maji zaidi, futa kwa kitambaa, punguza moto. Mimina upawa mmoja katikati, halafu kwa mgongo wa upawa huo huo zungusha kutoka ndani kwenda nje, mkono mwepesi, bila kugandamiza na bila kurudi nyuma. Papo hapo nyunyiza vitunguu vilivyokatwa vidogo sana na uvikandamize kidogo vishike. Dondosha mafuta pembeni, nusu kijiko cha chai yanatosha. Baada ya dakika mbili tatu utaona ukingo unainuka wenyewe na kugeuka rangi ya kahawia. Hapo geuza, dakika moja, toa. Isipoinuka yenyewe bado haijaiva, usiilazimishe kwa mwiko.

Kipimo hicho kinatoa kama chapati kumi. Choroko kavu zina protini karibu gramu 24 katika kila gramu 100, oti zina kama 13. Ukipiga hesabu, kila chapati ina protini kama gramu 5, ambayo inakaribia ya yai moja. Na zinakamilishana: protini hujengwa kwa vijenzi vingi, na choroko zina kile kiitwacho lisini kwa wingi, ambacho nafaka zinacho kidogo, na nafaka zina methionini, ambayo choroko zinapungukiwa nayo.

Nikwambie ukweli kuhusu oti, kwa sababu utazisikia zikisifiwa kila mahali. Ule utelezi wake una nyuzi iitwayo betaglukani, inayosaidia kushusha kolesteroli na kuifanya sukari ipande taratibu baada ya kula. Marekani waliruhusu sifa hiyo ya kulinda moyo iandikwe kwenye pakiti tangu 1997, kwa kipimo cha gramu 3 za nyuzi hiyo kwa siku. Nusu kikombe chetu kina kama gramu moja na nusu, tena mnagawana watu wa nyumba. Kwa hiyo kazi kubwa hapa inafanywa na choroko zetu wenyewe, na pakiti ikikushinda bei usijinyime raha. Tia mchele kidogo kama wafanyavyo wengi huku, au pika choroko tupu, bado ni chakula kizuri.

Unaweza pia kubadilisha. Changanya mbaazi zilizopaazwa, choroko na dengu, kama Watamil wanavyofanya adai yao, inakuwa nene na inashibisha sana. Mbaazi na asubuhi kwetu Tanga si wageni, tumekua tukila mbaazi za nazi kabla ya kwenda chuoni. Tena mbaazi kama zetu ndizo wanazozila hawa huku kwa wingi. Unakumbuka 2017 India ilipowekea mipaka mbaazi za kutoka nje, wakulima wa kwetu wakabaki na magunia ndani? Nilifikiri sana wakati ule kwamba tungekuwa tunazila zaidi wenyewe, mkulima asingetegemea mlango mmoja. Na kama siku huna nafasi ya kuloweka, unga wa dengu wa bajia unakorogwa kwa maji, nyanya, kitunguu na pilipili, unapikwa vile vile. Majirani zetu Wagujarati wanaita pudla.

Chatne usinisumbue kuniuliza, unaijua kuliko mimi. Hawa wanakula na ya tangawizi, ukwaju, pilipili kavu na sukari guru. Yako itie ukwaju mwingi, sukari guru usitie, au tengeneza ya nazi na limau, nazi iwe ya kiasi. Kamulia limau juu ya chapati kabla ya kula, linasaidia mwili kupata chuma kilichomo kwenye choroko. Na chai ya rangi, shoga, nakujua, iache kwa saa nzima hivi baada ya kula, maana inazuia chuma hicho.

Dawa zako endelea nazo kama ulivyoelekezwa. Ukianza kula hivi asubuhi, pima sukari kama kawaida na umwambie daktari umebadilisha nini, yeye ndiye ajue kama dozi inahitaji kuguswa. Kula mbili, ongeza kachumbari, usishindane na shemeji anayeweza kumaliza tano.

Watoto wape zile ndogo ndogo za kwanza, zenye kitunguu kilichoungua kidogo pembeni, hawatakuuliza kama ni za mgonjwa. Nasi mwezi wa kumi na mbili tunakuja likizo, inshallah. Niandikie upesi unieleze chuma chako ni kile kizito cha mama au umeshanunua kipya cha kisasa, maana nikijua nitakuletea upawa bapa wa huku wa kusambazia rojo. Na unieleze shemeji alikula ngapi.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Hyderabad