Rufaa za mitandao ziende na saa za uchaguzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala kuhusu kampuni za mitandao ya kijamii na habari za siasa wakati wa uchaguzi. Kila kampeni zinapoanza, malalamiko ni yale yale: hawa wanasema machapisho yao yanafutwa, wale wanasema uongo unaachwa utambe. Ubishi wote unaishia kwenye kufuta na kutofuta, ilhali sehemu kubwa ya kazi hii haihusu kufuta kabisa. Kinachokiumiza zaidi chombo cha habari ni muda: uamuzi ulichukuliwa saa ngapi, mwenye habari alijulishwa lini, na rufaa yake ilisikilizwa kabla ya watu kupiga kura au baada ya matokeo kutangazwa.

Facebook yenyewe imekuwa ikieleza tangu 2016 kwamba ina njia tatu: kuondoa chapisho, kupunguza usambazaji wake, au kumpa msomaji maelezo ya ziada. Chapisho likishawekwa, programu hulipima na kulipa alama inayoonyesha uwezekano kwamba limevunja kanuni. Alama ikivuka kiwango cha juu, chapisho linaondolewa bila binadamu kulitia machoni. Ikiwa ya katikati, linaingia kwenye foleni ya wasimamizi wa maudhui. Foleni hiyo haiendi kwa utaratibu wa aliyetangulia. Huangaliwa madhara yanayoweza kutokea na kasi ambayo chapisho linasambaa. Kiwango chenyewe nacho hubadilishwa. Vita vya Israel na Hamas vilipoanza Oktoba 2023, Meta, kampuni mama ya Facebook, ilikishusha ili kunasa mengi zaidi, na Bodi ya Usimamizi, chombo huru kinachopitia maamuzi ya kampuni hiyo, ikaeleza Desemba mwaka huo kwamba hatua hiyo iliondoa pia picha zilizokuwa na taarifa muhimu kwa umma. Siku za uchaguzi hatari ni ile ile, ila hapa kinachopotea ni habari ambayo thamani yake huisha vituo vya kura vikifungwa.

Kuna kosa jingine linalozungumzwa kidogo mno. Kampuni huhifadhi benki ya picha na video zilizokwisha kuamuliwa kuwa zimevunja kanuni. Kila faili lina alama yake ya kidijitali, na nakala yoyote inayofanana nalo huondolewa yenyewe. Msimamizi mmoja akikosea akaingiza picha halali kwenye benki, kosa lake linazaa maelfu. Ndivyo ilivyotokea kwa kibonzo kilichowakosoa polisi wa Colombia. Bodi ya Usimamizi ilipotoa uamuzi Septemba 2022, ilibainika kuwa watumiaji 215 walikata rufaa baada ya kuondolewa kibonzo hicho, na asilimia 98 ya rufaa hizo zilishinda. Hata hivyo kibonzo kiliendelea kukaa kwenye benki. Rufaa zilikuwa zikishinda moja moja, wala hapakuwa na mtu aliyesema: tukishindwa mara zote hizi, kosa liko kwenye benki.

Mwandishi anayekanusha uzushi ajue benki hiyo inavyofanya kazi. Akiiweka video ya uongo ilivyo, maneno ya kukanusha yakabaki kwenye maelezo ya chini, mashine itaiona video na haitajali maelezo. Inafaa achukue picha moja tu ya video hiyo, agonge juu yake neno UONGO kwa herufi kubwa zinazokatiza sura, kisha aweke kanusho ndani ya picha yenyewe. Hilo linasaidia hata pale watu wanapoinakili picha na kuyaacha maandishi nyuma.

Kupunguza usambazaji ndiko kugumu kukuthibitisha, maana chapisho lipo, kiungo kinafunguka, ila halimfikii mtu. Hapa wahariri wengi hukimbilia kusema tumehujumiwa kabla ya kupima. Linganisha habari hiyo na nyingine za aina ile ile, zilizowekwa siku na saa inayofanana. Ukurasa mzima ukishuka kwa siku moja, huenda ni mabadiliko ya algoriti, yaani programu inayopanga nani aone nini, yaliyowagusa wote. Waulize wenzako wa magazeti mengine. Ikishuka habari moja, angalia sehemu ya hali ya akaunti uone kama kuna onyo au tathmini ya wahakiki wa taarifa. Jaribu pia kumtumia mwenzako kiungo kwa ujumbe wa faragha. Kikikataa hata huko, basi kilichofungwa ni kiungo au tovuti nzima, na hilo ni shauri jingine, lenye njia nyingine ya malalamiko.

Mfano unaojulikana zaidi wa kufungiwa kiungo ni wa Oktoba 14, 2020, gazeti la New York Post lilipochapisha habari za kompyuta ya Hunter Biden, mtoto wa Joe Biden aliyekuwa akigombea urais wa Marekani. Twitter ilizuia kiungo kisiwekwe hadharani wala kutumwa kwa faragha, ikitaja kanuni yake ya nyaraka zilizodukuliwa. Facebook ilipunguza usambazaji ikisubiri uhakiki. Siku iliyofuata Twitter ilitangaza kuibadili kanuni hiyo, lakini akaunti ya gazeti ilibaki imefungwa hadi Oktoba 30, kwa sababu kampuni ililitaka lifute kwanza machapisho ya awali. Kura ilikuwa Novemba 3. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu habari ile. Mimi natazama kalenda. Kanuni ilirekebishwa kwa siku moja, aliyeadhibiwa kwa kanuni ya zamani akakaa kifungoni zaidi ya wiki mbili, huku watu wakiwa wameanza kupiga kura mapema.

Kuweka lebo ya onyo kwenye chapisho ni afadhali kuliko kuzuia, ila nako kuna suala la saa. Twitter ilitoa takwimu zake za uchaguzi huo wa Marekani: kati ya Oktoba 27 na Novemba 11, 2020 iliweka lebo kwenye machapisho yapatayo 300,000, sawa na asilimia 0.2 ya yote yaliyohusu uchaguzi. Asilimia 74 ya walioyaona, waliyaona lebo ikiwa imeshawekwa. Ni kazi nzuri, tusiwanyime sifa yao. Lakini maana yake zaidi ya robo waliyasoma yakiwa hayana onyo lolote, na wa kwanza kusoma ndio huwa wa kwanza kusambaza.

Siku hizi X, iliyokuwa Twitter, inategemea Community Notes, yaani maelezo yanayoandikwa na watumiaji wenyewe chini ya chapisho, na Meta ilitangaza Januari 2025 kuwa inaacha kuwatumia wahakiki wa nje nchini Marekani na kufuata mfumo kama huo. Maelezo hayaonekani kwa wote mpaka yakubaliwe na watu ambao kwa kawaida hawakubaliani. Wazo zuri kwa mabishano ya kawaida. Kwenye siasa za uchaguzi ndipo watu hao hawakubaliani kabisa, na kwenye lugha yenye wachangiaji wachache maelezo yanaweza kukwama mpaka uchaguzi upite.

Hapo ndipo linapoingia suala la Kiswahili. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 9, 2022, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo 20 ya chuki, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kisha yakayaondoa kabla hayajaonekana kwa umma. Ya Kiswahili yalipitishwa. Ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni kwa sababu ya sarufi na matusi, na yaliporekebishwa kidogo nayo yakapita. Yaani mashine ilisumbuliwa na sarufi kuliko wito wa kuua. Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano iliipa Meta siku saba kujirekebisha. Tukumbuke kwamba matangazo ya kulipia hukaguliwa kabla ya kutoka, hivyo ndiyo sehemu ambayo kampuni ina nafasi kubwa zaidi ya kuzuia. Ikiwa hapo pamevuja, machapisho ya kawaida yanayokaguliwa baada ya kutoka yatakuwaje?

Ubovu huo wa lugha hukata pande mbili. Mfumo usioelewa mafumbo ya kampeni utaacha tusi lililovaa methali, na papo hapo utafuta ripoti ya mwandishi aliyenukuu kauli ya chuki ili kuiripoti. Tunasikia zaidi malalamiko ya lile la kwanza, lakini kwa chumba cha habari la pili ndilo linalogharimu akaunti.

Slovakia ilipigwa na jambo ambalo nchi nyingi zenye sheria ya ukimya wa kampeni zinapaswa kulitazama. Sauti ya kutengenezwa kwa akili unde ilisambaa siku mbili kabla ya kura ya Septemba 30, 2023, ikidai kuwa mwanasiasa Michal Šimečka anapanga na mwandishi wa habari jinsi ya kuiba uchaguzi. Ilikuja wakati wa saa 48 za ukimya, vyombo vya habari vikiwa vimebanwa visizungumzie kampeni. Kanuni ya Meta wakati huo iligusa video zilizotengenezwa kwa teknolojia hiyo, si sauti. Februari 2024 Bodi ya Usimamizi iliikosoa kanuni hiyo kwa kukosa mantiki, na Meta ikaanza kuweka lebo kwa upana zaidi Mei mwaka huo. Kwa wapiga kura wa Slovakia, hiyo ni miezi saba na zaidi baada ya kura.

WhatsApp ni habari nyingine kabisa. Ujumbe umefungwa kwa usimbaji, kampuni haioni kilichomo, kwa hiyo haiwezi kuhukumu maudhui. Inachoweza ni kupunguza mwendo. Tangu Januari 2019 ujumbe unapelekwa mbele kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 uliokwisha kupita mikono mingi unakwenda kwa mmoja mmoja. Kampuni ilisema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Ila hesabu ya mara ambazo ujumbe umesambazwa hufuata kitufe cha kusambaza. Mtu akihifadhi video kwenye simu na kuipakia upya, inaanza upya kama mtoto aliyezaliwa leo, haina hata alama ya mishale miwili.

Wapo wanaodai serikali iingilie na kuzima mitandao. Uganda ilifungia Facebook Januari 12, 2021, siku mbili kabla ya kura, baada ya kampuni kuondoa akaunti ilizozihusisha na wizara ya serikali, na kesho yake intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Uzushi wa mdomo hauhitaji intaneti. Kanusho la gazeti linaihitaji.

Ninachotaka kidaiwe kwa kampuni hizi si idadi ya machapisho yaliyofutwa, ambayo hutangazwa kwa mbwembwe kila uchaguzi ukiisha. Umoja wa Ulaya, kupitia Sheria ya Huduma za Kidijitali, umezilazimisha kumpa mtumiaji sababu za uamuzi, zikiwemo sababu za kushushwa usambazaji, na kumpa angalau miezi sita ya kulalamika, tena malalamiko yasiamuliwe na mashine peke yake. Kampuni kubwa, zenye watumiaji milioni 45 na kuendelea kwa mwezi barani humo, zikikaidi zinaweza kutozwa hadi asilimia 6 ya mapato yao ya dunia. Nje ya Ulaya haki hizo hazipo kwa nguvu ya sheria hiyo, ingawa mifumo ya kompyuta ni ile ile na imeshajengwa. Na hata sheria hiyo haitaji saa. Inasema malalamiko yashughulikiwe kwa wakati. Pendekezo langu ni saa sita kwa rufaa ya chombo cha habari kinachotambulika, kuanzia siku kumi kabla ya kura hadi matokeo ya mwisho, ikiamuliwa na mtu anayeijua lugha ya habari hiyo. Kanuni zisibadilishwe katikati ya kampeni, na zikibadilika, adhabu za kanuni iliyofutwa ziondoke nayo siku hiyo hiyo. Tume za uchaguzi zinazokutana na kampuni hizi zinaweza kuliweka hilo kwenye makubaliano, pamoja na jina la ofisi inayopokea simu usiku.

Vyumba vya habari navyo vijitayarishe mapema. Akaunti iwe na wasimamizi wasiopungua wawili na uthibitisho wa hatua mbili, maana akaunti ya msimamizi mmoja ikifungwa, ukurasa mzima unakosa mtu wa kukata rufaa. Grafu ya matokeo ibebe ndani yake chanzo, saa, na idadi ya vituo vilivyohesabiwa kati ya vyote; neno “matokeo ya awali” likibaki kwenye maelezo ya nje, picha ikinakiliwa itaonekana kama tangazo la ushindi, na mashine itaichukulia hivyo. Chapisho likiondolewa, piga picha ya skrini ya notisi nzima kabla ya kubonyeza chochote, kwa sababu baadhi ya notisi hupotea ukishakubali. Hifadhi anwani kamili ya chapisho, saa pamoja na ukanda wake, namba ya shauri, na kanuni iliyotajwa. Usilifute wala kulipakia upya rufaa ikiwa bado. Kulipakia upya kunaweza kuhesabiwa kosa la pili.

Rufaa yenyewe iwe ya sentensi tatu au nne: kanuni iliyotajwa ni hii, kipengele chake kinachoruhusu kuripoti ni hiki, na sehemu ya habari inayoonyesha kwamba tuliripoti au tulikanusha ni hii, dakika ya ngapi au aya ya ngapi. Hotuba kuhusu uhuru wa vyombo vya habari ipelekwe kwenye tahariri. Anayepokea rufaa ana foleni ndefu na anatafuta kipengele.