Kabla ya tohara ya Desemba, waulizeni wajomba

Kwa Mhariri,

Shule zimefungwa na msimu wa tohara umeanza hapa Nairobi. Matangazo yamebandikwa kwenye kuta za kliniki, na makanisa yanaandikisha wavulana wa kambi. Fomu nilizoziona mtaani kwetu zinauliza umri wa mtoto na nambari ya simu ya mzazi. Hazimuulizi mzazi kama kwao kuna mtu ambaye damu yake hukawia kuganda.

Swali hilo lingetuokoa. Mwanangu ana hemofilia A: mwili wake hautengenezi vya kutosha protini iitwayo fakta ya 8, ambayo damu huihitaji ili igande. Akijikata, damu haitoki kwa kasi kuliko ya mtoto mwingine, ila haikomi. Tulijua hayo alipotahiriwa katika kliniki moja ya mtaani. Kidonda kilichuruzika usiku kucha, bendeji juu ya bendeji, hadi akalazwa na kuongezwa damu. Kabla ya hapo alikuwa amepimwa wingi wa damu na majibu yakawa mazuri, lakini kipimo hicho huhesabu chembe tu, hakionyeshi jinsi damu inavyoganda. Ni wakati huo ndipo mama yangu aliponieleza kwamba kaka yake alifia jandoni, na watu wakasema amerogwa.

Akina baba wengi huuliza upande wao wakaridhika. Hemofilia kwa kawaida hupitia kwa mama. Mwanamke anayebeba jeni hiyo anaweza kuonekana mzima kabisa, lakini kila mwana wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, na kila binti nafasi iyo hiyo ya kuibeba. Kwa hivyo nendeni kwa wajomba. Msiishie kwa wajomba wa mtoto, fikeni hadi kwa wajomba wa mama yake, kwa kuwa jeni hii inaweza kupita vizazi kadhaa kwa wanawake bila kujulikana. Ulizeni aliyekufa jandoni, aliyetokwa na damu siku nyingi baada ya kung'olewa jino, anayevimba goti bila kuanguka.

Wapo pia, karibu thuluthi moja, ambao hawana jamaa yeyote aliyewahi kuugua. Mtoto anayevilia damu chini ya ngozi kwa kugongwa kidogo tu apimwe muda wa damu kuganda, hata kama ukoo mzima hauna historia hiyo.

Ndugu zetu wa maduka ya dawa nao wana sehemu yao. Mvulana akija na goti lililovimba, msikimbilie aspirini, ibuprofeni wala sindano ya diklofenaki. Dawa hizo huzidisha kuvuja kwa damu, na sindano ya msuli kwa mtoto wa aina hii yaweza kujaza damu ndani ya paja. Parasetamoli hutuliza maumivu bila hatari hiyo.

Wazazi ambao tayari wana mtoto mwenye hemofilia wasidhani tohara imeharamishwa kwake. Ifanyiwe hospitali yenye daktari wa damu, apewe fakta kabla ya kukatwa, na aendelee kuipata hadi kidonda kipone. Kliniki ya mtaani haina dawa hiyo, wala kambi ya kanisa.

Mama wa mgonjwa,
Umoja, Nairobi