Kabla ya kulaani bidhaa feki, tupime ugumu wa maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowagharimu wakazi wengi wa Tanga bila wao kujua chanzo chake. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, na mteja anayeniletea birika la umeme au hita ya maji iliyoungua kwa kawaida huanza kwa kulaani bidhaa feki. Bidhaa feki zipo, sibishi. Lakini nikifungua hita iliyotoka kwenye nyumba ambayo bomba lake linalishwa na kisima kirefu, mara nyingi naikuta koili imevaa ukoko mweupe, mgumu, mnene kiasi cha kuficha umbo lake, na chini ya tangi kumejaa magamba yanayovunjika mkononi kama maganda ya mayai. Ukoko huo ni chokaa, na umeletwa na maji.

Maeneo mengi ya Tanga yamekaa juu ya mawe ya chokaa, ndiyo maana tuna kiwanda cha saruji Pongwe na ndiyo maana tuna Mapango ya Amboni. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi, yakapata ukali kidogo, yakayeyusha mawe hayo na kubeba madini ya kalsiamu na magnesiamu hadi kisimani. Wingi wa madini hayo ndio huitwa ugumu wa maji. Yakichemshwa, hewa ile hutoka na chokaa hubaki, ikaganda hasa pale penye joto kali, yaani juu ya koili. Kazi ya kujenga mawe ya chokaa ambayo matone ya maji ndani ya mapango ya Amboni yameifanya kwa maelfu ya miaka, birika huimaliza kwa wiki chache. Maji ya Mto Zigi yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani hayana tabia hiyo kwa kiwango kilekile, kwa kuwa maji ya mto hayakai muda mrefu ndani ya mwamba. Tatizo ni kubwa zaidi kwa wanaotegemea visima.

Ukoko huo hupitisha joto kwa shida sana. Mwenye nyumba husubiri maji yachemke huku uniti za LUKU zikiteketea, na koili, ambayo ilipaswa kupozwa na maji, hubaki na joto lake lenyewe mpaka waya wa ndani ukatike. Mashine ya kufulia inayopasha maji hupata ugonjwa huohuo, vali zake zikakwama. Matundu ya shawa huziba. Pasi ya mvuke hutema unga mweupe juu ya baibui jeusi asubuhi ya harusi. Sabuni nayo hutumika nyingi kwa povu dogo.

Simtishi mtu kuhusu afya. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya, na madini hayo mwili unayahitaji. Kinachonikera ni tiba zisizo tiba. Shabu hutuliza tope, haiondoi ugumu. Chujio la mishumaa huzuia uchafu, lakini kalsiamu iliyoyeyuka hupita humo bila kizuizi. Na hizo sumaku zinazofungwa kwenye bomba, mimi sijaona sababu ya kumshauri mtu azinunue. Mtambo unaolainisha maji kweli ni ule wenye chembechembe za rezini zinazobadilisha kalsiamu kwa sodiamu na kusafishwa kwa chumvi kila baada ya muda. Unafaa hoteli na hospitali, lakini kwa familia ya kawaida gharama yake ni kubwa.

Nyumbani, siki inatosha. Changanya kikombe cha siki na kikombe cha maji ndani ya birika, chemsha, acha nusu saa, kisha suuza vizuri. Maji ya ndimu nayo hufanya kazi hiyo. Usikwangue koili kwa kisu, na kamwe usichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwani hutoa hewa ya sumu. Hita ya kuogea iwekwe nyuzi 60 badala ya 75, maana kadiri maji yanavyozidi kuwa moto ndivyo chokaa inavyoganda kwa kasi. Kwa pasi, maji ya mvua ya masika yaliyokingwa yakiwa safi ni bora kuliko ya bomba.

Ombi langu ni kwa makundi mawili. Wanaochimba visima na wanaouza maji yake wapime ugumu na kuwapa wateja namba hiyo kwa maandishi, wakijua kwamba maji yenye zaidi ya miligramu 120 kwa lita, yakihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, huitwa magumu, na yakizidi 180 huitwa magumu sana. Wenye maduka nao wamuulize mnunuzi wa hita anatumia maji gani kabla ya kumwandikia risiti, na wamweleze mapema iwapo dhamana haihusu koili iliyoliwa na chokaa, badala ya kumwambia siku anapoirudisha imeungua.

Fundi wa vifaa vya umeme,
Ngamiani, Tanga